Gari la Dizeli Linaweza Kuwa Klasiki? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ubishi huu hauishi. Waweke pamoja wapenzi watatu wa magari ya zamani, mmoja wao aje na dizeli, na kabla boneti haijafunguliwa utasikia mtu akitaja teksi au trekta. Majibu yafuatayo ni ya anayemiliki dizeli ya zamani, ya anayefikiria kununua, na hata ya yule anayeamini kwamba petroli pekee ndiyo yenye heshima. Sijajaribu kuficha niko upande gani.

Kwa kifupi: ndiyo au hapana?

Ndiyo, na kwa upande wa kanuni hakuna hata cha kujadili. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoundwa 1966, hutaka gari liwe na umri wa angalau miaka 30, litunzwe katika hali iliyo sahihi kihistoria, na lisiwe chombo cha usafiri wa kila siku. Aina ya mafuta haimo katika masharti hayo. Ujerumani hutoa namba zenye herufi H kwa magari yaliyotimiza miaka 30 yakiwa bado katika sura yake ya asili, yawe ya dizeli au ya petroli. Uingereza husamehe kodi ya barabara kwa gari lililopita miaka 40, na hapo pia haiulizwi linakunywa nini.

Ubishi uliobaki ni wa ladha, na sehemu kubwa ya ladha hiyo imejengwa juu ya historia inayosimuliwa nusu.

Lakini magari madogo ya dizeli si mambo ya juzi tu?

Wengi hudhani yalianza miaka ya 1970, mafuta yalipopanda bei. Ukweli ni kwamba Rudolf Diesel alipata hataza yake Ujerumani 1893, na injini yake ya kwanza iliyofanya kazi vizuri ilikamilika Augsburg 1897. Ilikuwa dude kubwa la kusimama mahali pamoja, na kwa miaka mingi warithi wake waliishi viwandani na melini. Kizuizi kilikuwa namna ya kuingiza mafuta kwenye silinda: yalisukumwa kwa hewa iliyoshindiliwa, na kompresa ya kazi hiyo isingeingia chini ya boneti yoyote. Mambo mawili yaliifungua njia. La kwanza ni chumba cha awali cha kuchomea mafuta, ambacho Prosper L'Orange alikipatia hataza 1909. La pili ni pampu ndogo ya dizeli ambayo Bosch ilianza kuitengeneza kwa wingi 1927.

Februari 1936, kwenye maonyesho ya magari ya Berlin, yakatokea magari mawili: Mercedes-Benz 260 D na Hanomag Rekord ya dizeli. 260 D ilikuwa na injini ya lita 2.5 yenye nguvu za farasi 45, na hadi 1940 yalikuwa yameundwa karibu magari 2,000. Madereva wa teksi waliligombania kwa sababu lilikunywa kidogo na dizeli ilikuwa rahisi kuliko petroli. Baada ya vita ikaja Mercedes 170 D mwaka 1949, Standard Vanguard ya dizeli huko Uingereza 1954, kisha Peugeot 403 ya dizeli na Toyota Crown ya dizeli, zote 1959. Anayesema dizeli haina ukale wa kutosha ahesabu tena.

Basi kwa nini watu wanazidharau?

Sababu ya kwanza ni sauti. Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Hushindilia hewa peke yake, katika magari ya zamani mara 20 hivi, hadi joto lipite nyuzi 500, ndipo mafuta yanyunyiziwe na kujiwasha yenyewe. Mlipuko huo wa ghafla ndio ule mgongano unaousikia asubuhi injini ikiwa baridi. Kwa sikio lililolelewa na injini za silinda sita za petroli, ni kelele za karakana.

Ya pili ni uzito wa mwendo. Mercedes 240 D ya kwanza ilikuwa na nguvu za farasi 65, nayo ilihitaji zaidi ya sekunde 20 kufika kilomita 100 kwa saa. Ukitaka kulipita lori ulipaswa kuanza kufikiria jambo hilo mapema, na pengine kuliahirisha.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote ingawa haisemwi kwa sauti: tabaka. Dizeli zilikuwa za madereva wa teksi, wakulima, wamisionari, maafisa wa ugani, wauzaji waliozunguka mikoani. Mwenye fedha za kuchezea alinunua petroli. Hivyo mtu anapotamka "klasiki" akili yake inakwenda kwenye gari la wazi la watu wawili, lililotoka gereji siku zenye jua tu.

Mimi naiona sababu hiyo ya tatu kama hoja ya kuzihifadhi. Gari lililobeba wagonjwa, mizigo na watoto wa shule kwa miaka 25 lina cha kueleza kuhusu zama zake kuliko lile lililofunikwa turubai. Tena kuna raha ambayo waliozoea petroli hawaijui. Katika Mercedes za dizeli za miaka ya 1950 na 1960 kuna kitufe cha kuvuta kwenye dashibodi, cha kupasha silinda moto kabla ya kuwasha. Unakivuta kidogo, unasubiri, huku ukitazama kijiwaya kidogo mbele yako kikianza kuwa chekundu. Kikishaiva, unavuta tena hadi mwisho, na injini inaamka ikitetemesha gari zima. Huwezi kuharakishwa na mtu yeyote. Kama hiyo haikuvutii, sidhani kama jedwali la nguvu za farasi litakubadilisha.

Dizeli zina historia yoyote ya mbio?

Zinayo, nayo huwashangaza wengi. Mwaka 1952 gari la mbio lenye injini ya dizeli ya Cummins, likiendeshwa na Fred Agabashian, lilipata muda bora kwenye mchujo wa Indianapolis 500 na kuanza mbele ya yote. Halikumaliza: turbo yake ilivuta vipande vya mpira wa matairi vilivyotapakaa njiani ikaziba. Mwaka 1965 Peugeot ilichukua 404 la wazi, ikalifunika likabaki la kiti kimoja, ikatia dizeli na kulizungusha Montlhéry karibu na Paris kwa wastani wa takriban kilomita 160 kwa saa hadi likakusanya rekodi 40. Mercedes nao walipeleka gari lao la majaribio, C111 ya dizeli, kwenye njia ya majaribio ya Nardò, Italia, mwaka 1976, na 1978 toleo lake lililochongoka zaidi likakimbia saa 12 kwa wastani unaozidi kilomita 300 kwa saa. Ushindi wa kwanza wa dizeli katika saa 24 za Le Mans ulikuja 2006 kwa Audi R10 TDI.

Hakuna hata moja kati ya hayo litakalolifanya Mercedes 200 D lako lipande mlima haraka.

Ni dizeli zipi hazina ubishi?

Nikiambiwa nichague moja, ni Mercedes W123. Kati ya 1976 na 1986 yaliundwa takriban milioni 2.7, kwa injini za aina zote, na za dizeli ndizo zilizolipa jina. Injini ya silinda tano ya lita 3 iliyomo kwenye 300 D ina sifa ya kudumu ambayo hata wapinzani wa dizeli wanaikubali. Wanaopenda kitu adimu hutafuta 300 CD, yaani kupe (gari la milango miwili) ya dizeli iliyouzwa Amerika Kaskazini tu, au ile yenye turbo ya umbo la stesheni wagoni, lenye sehemu ndefu ya mizigo nyuma. Kaka yao mkubwa ni 300 SD ya 1978, sedani ya kwanza ya abiria yenye dizeli na turbo kutengenezwa kwa wingi. Ilizaliwa kwa sababu Marekani ilikuwa imeweka masharti ya wastani wa matumizi ya mafuta, na kampuni inayouza magari makubwa ilihitaji la kupunguza hesabu.

Upande wa Ufaransa, 404 na 504 za dizeli zinastahili heshima kubwa kuliko zinayopewa. Peugeot ndiyo iliyoishikilia dizeli kwa imani wakati wengine wakiichezea, hata ikaitia katika 204, gari dogo lenye injini ya takriban lita 1.3, mwishoni mwa miaka ya 1960. Peugeot 604 ya turbo ya 1979 nayo isisahaulike.

Volkswagen Golf ya dizeli ya 1976 iliwageuza wengi mawazo. Injini yake ya lita 1.5 na nguvu za farasi 50 ilionyesha kwamba dizeli inaweza kuwa nyepesi, ikae kwenye gari la kawaida la familia na isiwe adhabu kuendesha. Miaka sita baadaye ikaja GTD yenye turbo. Golf hizo za kwanza zilitumika hadi zikaisha. Ukiona moja iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani, una kitu adimu kuliko GTI nyingi, zile Golf za petroli za kasi.

Land Rover ilianza kutia dizeli 1957, na Toyota Land Cruiser BJ40 ikaja 1974 na injini ya silinda nne ya lita 3. Kwa hizo, anayebisha ni mpweke.

Na dizeli zilizokuwa mbovu tangu mwanzo?

Zinaweza kuwa klasiki pia, kwa sababu historia haihifadhi mafanikio peke yake. Mfano mkuu ni Oldsmobile ya V8 ya lita 5.7, iliyouzwa kuanzia matoleo ya 1978 hadi 1985. Iliundwa kwa kufuata vipimo vya injini ya petroli ili itengenezwe kwa mitambo ileile ya kiwandani. Bolti za silinda hedi zikabaki kwa idadi na mpangilio wa petroli, ilhali mgandamizo wa dizeli ni mkubwa mno. Bolti zikanyooka, gasketi zikapasuka. Juu ya hayo, magari yalitoka bila kitenganishi cha maji kwenye njia ya mafuta, na maji yakila pampu ya dizeli hayabakizi kitu. Wamarekani wengi waliichukia dizeli kwa miaka mingi kwa sababu hiyo, na nyingi ya gari hizo zikabadilishwa kuwa za petroli. Iliyobaki na injini yake ya asili ikifanya kazi ningeiheshimu sana. Kuimiliki ni jambo jingine.

Kilomita nyingi zinalishushia gari hadhi?

Katika dizeli, kidogo sana. Iliyotembea kilomita 400,000 ikiwa na daftari la huduma lililojazwa inanivutia kuliko iliyotembea 90,000 na kukaa miaka kumi chini ya mti. Kwenye makumbusho ya Mercedes-Benz, Stuttgart, kuna 240 D ya 1976 ya dereva teksi wa Thessaloniki, Ugiriki, iliyotembea kilomita milioni 4.6, injini zikikarabatiwa na kubadilishwa kwa zamu. Waliipokea kwa heshima zote, na hakuna aliyeuliza kwa nini imechoka.

Tahadhari moja: mita za magari mengi ya zamani zina tarakimu tano tu, kwa hiyo zikifika 99,999 zinaanza upya. Amini karatasi, viti na pedali kabla ya kuamini mita.

Gari lililozaliwa na petroli likawekwa dizeli baadaye, nalo je?

Inategemea lilibadilishwa lini na kwa nini. Wapo waliofunga injini za Perkins kwenye Land Rover na magari mengine zama zilezile gari lilipokuwa jipya. Hilo ni sehemu ya maisha yake, na wakaguzi wengi hulielewa hivyo. Range Rover ya 1975 iliyowekwa dizeli ya 1990 ni gari zuri la kutumia, ila usilipeleke kwenye ukaguzi wa uhalisia ukatarajia pongezi.

Nikague nini kabla ya kununua?

Fika kabla gari halijawashwa. Gusa boneti na uguse injini: kama ni vuguvugu, muuzaji amekutangulia kuipasha, na una haki ya kuuliza kwa nini. Dizeli yenye afya, hita plagi zake (vipasha moto vya silinda wakati wa kuwasha) zikiwa nzima, huwaka baridi bila kulia stata kwa muda mrefu. Inayohangaika ina hita plagi zilizokufa, tapeti zilizokaza, au kompresheni iliyokwisha. La kwanza ni kazi ndogo. La mwisho ni kufungua injini nzima.

Tazama moshi. Mweusi kidogo unapokanyaga mafuta kwa nguvu ni tabia ya umri. Mweusi usioisha huelekeza kwenye nozeli (vinyunyizio vya mafuta) au kichujio cha hewa. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe wakati wa kuwasha ni mafuta yasiyoungua, lakini ukiendelea injini ikishapata moto, fikiria gasketi ya silinda hedi.

Injini ikiwa inaunguruma polepole, legeza kifuniko cha kujazia oili na ukiache kimekaa juu ya tundu lake. Kikicheza kidogo, sawa. Kikirushwa, ringi zimechoka na gesi inapenya chini. Kwa usahihi zaidi mwombe fundi apime kompresheni silinda kwa silinda. Tofauti kubwa kati ya silinda ni habari mbaya kuliko zote kuwa chini kidogo kwa pamoja.

Halafu ondoka kwenye injini, kwa sababu mara nyingi siyo itakayokufilisi. Dizeli za zamani hudumu kuliko bodi zinazozibeba. Piga magoti utazame sakafu, sehemu za kuwekea jeki, chini ya betri, mapango ya magurudumu na mahali springi zinaposhika. Kwenye Land Rover bodi ni ya aluminiamu, ndiyo, lakini fremu ni chuma. Muuzaji akikusifia injini kwa nusu saa bila kutaja kutu, lala chini ukatazame mwenyewe.

Pampu ya dizeli inahitaji mashine maalumu ya kuipima na fundi anayejua kuitumia, na mafundi wa namna hiyo wanapungua. Mjue wako kabla hujalipa.

Mafuta ya siku hizi yanazidhuru?

Dizeli ya sasa ina salfa kidogo sana. Hilo ni jema kwa mapafu, ila namna ya kuiondoa salfa hupunguza pia ulainishaji wa asili, na mafuta ya leo hutiwa viungo vya kuufidia. Kilichowasumbua wenye magari ya zamani zaidi ni sili: mpira uliozoea mafuta ya zamani ulisinyaa, pampu zikaanza kuvuja. Ukibadilisha sili kwa za mpira wa kisasa tatizo linakwisha. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya mimea kwa wingi hula mabomba ya mpira wa asili na kung'oa uchafu wa miaka mingi tangini, kwa hiyo beba kichujio cha akiba mwanzoni.

Mafuta ya kupikia? Katika Maonyesho ya Paris ya 1900 injini ndogo ya dizeli ilionyeshwa ikitumia mafuta ya karanga, na wapo wanaolichukulia hilo kama ruhusa. Ni mazito yakiwa baridi na huacha gundi kwenye nozeli. Kwa gari unalotaka lirithiwe, achana nayo.

Likikaa miezi bila kuendeshwa?

Jaza tangi ili hewa yenye unyevu isipate nafasi. Maji yakijikusanya chini ya dizeli, vijidudu huzaliana humo na kufanya utelezi mweusi unaoziba vichujio. Mwaga maji kwenye kitenganishi kabla ya safari ya kwanza.

Si aibu kuhifadhi kitu kinachotoa moshi wa sumu?

Hili ni swali la haki na halistahili kudharauliwa. Juni 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Dizeli ya 1978 haina kichujio chochote cha masizi. Kinachopunguza uzito wa jambo ni kwamba gari la kihistoria hutembea kidogo kwa mwaka, na ndiyo sababu miji mingi imelipa nafasi: Ujerumani huruhusu namba za H katika maeneo ya hewa safi, na London huyasamehe magari yaliyopita miaka 40. Msamaha huo utadumu tu iwapo wenye magari hawataugeuza njia ya kuendeshea mkweche kazini kila siku. Weka nozeli katika hali nzuri, na usiliache likiunguruma mbele ya dirisha la jirani.

Dizeli za kielektroniki zitakuja kuwa klasiki?

Baadhi tayari zimefika. Audi 100 TDI ya 1989, yenye silinda tano na nguvu za farasi 120, ilibadilisha mwelekeo wa sekta nzima, na Alfa Romeo 156 JTD ya 1997 ilikuwa ya kwanza kuuzwa na mfumo wa reli moja yenye shinikizo kubwa (common rail), inayogawa mafuta kwa silinda zote. Kwa umuhimu zinastahili. Wasiwasi wangu ni matengenezo: pampu ya mitambo hukarabatiwa kwa mikono na vipimo, lakini kompyuta ya injini iliyokufa huhitaji kompyuta nyingine kama hiyo. Za miaka ya karibuni zina vichujio vya masizi na vitambuzi kila kona, na kashfa ya Volkswagen ya Septemba 2015 imezitia doa. Hata hivyo Audi Q7 ya V12 ya dizeli, yenye lita 6 na nguvu za farasi 500, ni wazimu ambao hautarudiwa, na mtu atautunza.

Nikinunua leo, thamani itapanda?

Usinunue kwa sababu hiyo. Kwa aina ileile ya gari, petroli ya wazi au kupe karibu kila mara huzidi sedani ya dizeli. Land Cruiser za zamani ndizo zinazovunja kanuni hiyo waziwazi.

Nimetoa ufunguo lakini Mercedes yangu inaendelea kuunguruma. Nifanye nini?

Usishtuke. Katika W123 ufunguo huzima injini kwa vakyumu (nguvu ya kunyonya hewa) inayovuta kizimio kwenye pampu ya dizeli. Mrija ukitoboka popote, hata kwenye mfumo wa kufunga milango, injini haipati amri. Fungua boneti, bonyeza kile kitawi chenye alama ya STOP juu ya injini, itazima. Kisha tafuta mrija unaovuja. Kama injini inapanda kasi yenyewe na moshi mzito wa bluu unatoka, hiyo ni hali tofauti: inaungua oili yake. Ikiwa ni gari la gia za mkono, tia gia ya juu, kanyaga breki kwa nguvu zote na uachie klachi hadi izimike. Usipeleke mkono karibu na mdomo wa kuingizia hewa.